SOMO LA MANENO YA KAZI: SABOTAJI NI NINI, NA NENO HILI LIMETOKA WAPI?



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza maana ya mgomo, mapatano ya pamoja na kiinua mgongo. Leo tunaingia katika neno moja la Kiingereza ambalo mfanyakazi wa kiwandani au wa shambani hulisikia siku mambo yanapoharibika. Mara nyingi anapolisikia kwa mara ya kwanza huwa limekwisha kuandikwa katika barua yenye jina lake. Neno lenyewe ni sabotage, na hutamkwa sabotaji. Wenzetu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi wanalijua kwa matamshi ya Kifaransa, nao hawakosei, kwa sababu Waingereza wenyewe walilichukua huko huko kwa Wafaransa.

Kwa Kiswahili tumezoea kulitafsiri hujuma. Tafsiri hiyo inakubalika, lakini ni vizuri tujue kwamba hujuma ni neno lililotoka kwa Waarabu, na asili yake ni kushambulia, kama vile jeshi linavyovamia mji usiku. Neno la Kifaransa halikuanza na vita. Lilianza na kiatu.

Kiatu hicho huitwa sabot, na herufi ya mwisho haitamkwi. Ni kiatu cha mti kinachochongwa kutoka kipande kimoja tu cha gogo, na kilivaliwa na wakulima na maskini wa Ufaransa na nchi za jirani ambao hawakumudu viatu vya ngozi. Wasomaji wetu waliokaa pwani wafikirie mtalawanda. Tofauti ni kwamba mtalawanda ni kama ndara, lakini sabot hufunika mguu wote na ni nzito zaidi. Mtu akitembea nayo juu ya mawe, utamsikia kabla hujamwona. Basi Wafaransa wakapata kitenzi saboter, yaani kutembea kwa kishindo. Baadaye kitenzi hicho kikawa na maana ya kufanya kazi ovyo ovyo, bila ustadi, kama mtu aliyefungwa magogo miguuni. Fundi akishona shati ambalo mikono yake hailingani, au mpiga ngoma akiuvuruga wimbo, walisema kuwa ameifanyia kazi yake saboter. Hapo hapakuwa na kusudi baya wala njama, ila kazi mbovu tu. Hata ufundi wa kuchonga viatu hivyo uliitwa sabotage. Kwa hiyo zamani huko Ufaransa mtu angeweza kujibu kwamba kazi yake ni sabotaji, na polisi wasimguse, kwa kuwa alikuwa fundi viatu.

Iko hadithi moja ambayo huenda mmekwisha kuisikia katika semina. Husemwa kwamba mashine za kufuma zilipoingia viwandani, wafanyakazi wa Ufaransa walivua viatu vyao vya mti na kuvitupa katikati ya meno ya mashine mpaka zikasimama, na ndiyo maana ya neno hili. Hadithi hiyo ni tamu, lakini waliochunguza asili ya maneno hawajaona ushahidi wake wowote. Tena ukifikiri kidogo utaona kuwa maskini mwenye jozi moja ya viatu hawezi kukitupa kiatu chake na kurudi nyumbani peku katika baridi ya kwao. Waliovunja mashine kweli ni wafumaji wa Uingereza, kati ya mwaka 1811 na 1816, waliojiita watu wa Ned Ludd. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1812 kwamba mtu avunjaye mashine ya kufumia anyongwe, na katika mji wa York mwezi wa Januari 1813 walinyongwa watu 17. Lakini watu hao hawakulitumia neno sabotaji hata mara moja. Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa halijazaliwa.

Sasa tuone jinsi kiatu kilivyoingia katika chama cha wafanyakazi. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow, huko Scotland, waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 10. Matajiri wakakataa, wakaleta vibarua kutoka mashambani wasiojua kazi ya meli. Mgomo ukashindwa, makuli wakarudi kazini kwa mshahara ule ule wa zamani. Inavyosimuliwa, kiongozi wa chama aliwakusanya akawaambia kwamba matajiri wanasema wameridhika sana na wale vibarua wa mashambani. Basi na nyinyi fanyeni kama wao: tembeeni kama mtu asiyejua kusimama melini, beba nusu ya mzigo, angusha nusu. Ila msiwaige katika kutumbukia majini, hilo waachieni wenyewe. Haikupita muda matajiri wakamwita yule kiongozi na kumwomba awaambie watu wake wafanye kazi kama zamani, na ile asilimia 10 ikatolewa. Watu wa Scotland waliuita mtindo huo ca' canny, yaani nenda taratibu kwa uangalifu. Sisi huuita mgomo baridi.

Habari hiyo ilimfikia Mfaransa mmoja mwandishi wa magazeti ya wafanyakazi aitwaye Émile Pouget. Mwaka 1897 shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Ufaransa, CGT, lilifanya mkutano wake mkuu mjini Toulouse, na Pouget na wenzake wakaleta taarifa kuhusu silaha mbili: kususia bidhaa, na hiyo sabotaji. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Mfanyakazi anauza nguvu zake kama mwenye duka anavyouza sukari. Ukimlipa mwenye duka nusu ya bei atakupimia nusu ratili. Kwa nini mfanyakazi anayelipwa mshahara mbaya adaiwe kazi nzuri? Mkutano ukaipokea taarifa hiyo. Hapo ndipo neno lililokuwa tusi kwa fundi mbovu lilipogeuka kuwa jina la kitendo cha makusudi.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika maana hiyo ya kwanza ya chama, sabotaji haikuwa lazima kuvunja kitu. Pouget alihesabu humo kwenda pole pole. Alihesabu pia kile alichokiita kufungua mdomo, yaani mfanyakazi wa duka au wa hoteli kumwambia mnunuzi ukweli kuhusu kile anachouziwa. Kulikuwa pia na njia ya kufuata kanuni zote bila kuruka hata moja. Mwaka 1905 wafanyakazi wa reli wa Italia walifanya hivyo hivyo. Walikichukua kitabu cha kanuni, kila behewa wakalikagua kama ilivyoandikwa, na treni zikakwama vituoni nchi nzima. Hakuna aliyevunja sheria. Walichofanya ni kuitii. Sisi tuliowahi kukisoma kitabu cha usalama cha kiwanda tunajua kwa nini treni zilikwama.

Ni kweli kwamba Pouget hakuishia hapo, na hatutaki kumpamba. Aliandika pia kuhusu kuzilemaza mashine wakati wa mgomo ili askari na vibarua wa kuletwa wasiweze kuziendesha. Basi tangu mwanzo neno hili lilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kupunguza kazi na kimoja cha kuharibu mali. Ubaya ni kwamba mtu akishakutia ndani ya nyumba hiyo, yeye ndiye anayechagua chumba cha kukulaza.

Mwezi wa Oktoba 1910 wafanyakazi wa reli wa Ufaransa waligoma. Waziri Mkuu wao, Aristide Briand, ambaye zamani yeye mwenyewe alihubiri mgomo wa wafanyakazi wote, aliwaita wagomaji jeshini kwa amri, ili atakayekataa kuendesha treni ahesabiwe kuwa askari aliyeasi. Magazeti ya Uingereza yaliyoandika habari za mgomo huo ndiyo yaliyoliingiza neno sabotage katika Kiingereza. Wengine wakadai kwamba neno limetokana na vishikio vya reli vinavyoitwa viatu, ambavyo eti wagomaji walivikata. Haiwezekani. Mkutano wa Toulouse ulikuwa umelijadili neno hilo miaka 13 kabla ya mgomo huo.

Marekani ilikuwa na chama kilichoitwa IWW, kilichowaandikisha wakata magogo, wachimba madini, wavunaji na watu wa viwandani bila kubagua rangi wala kabila. Mwaka 1913 kulikuwa na mgomo mkubwa wa viwanda vya hariri katika mji wa Paterson, na mtu mmoja alishitakiwa kwa sababu ya kuwahutubia wagomaji kuhusu sabotaji. Hakushitakiwa kwa kuvunja mashine. Kosa lake lilikuwa kulisema neno. Mama mmoja kiongozi wa chama hicho, Elizabeth Gurley Flynn, alisimama kumtetea, na hotuba yake ikachapwa kuwa kijitabu. Humo alitoa mfano ambao sisi tunauona ni mzuri kuliko yote. Hariri ilikuwa inauzwa kwa uzito, kwa hiyo matajiri waliamuru itiwe chumvi za bati na madini mengine wakati wa kupakwa rangi, ili iwe nzito. Mnunuzi alipoinunua, nguo ilichanika baada ya muda mfupi. Je, mtia rangi akikataa kutia bati na kuitengeneza hariri safi, ameharibu au ametengeneza? Mwenye kiwanda atasema ameharibu. Hapo ndipo utakapoona kwamba neno hili halipimwi kwa kitu kilichoharibika, ila kwa faida ya nani imepungua.

Kuanzia mwaka 1917, jimbo la Idaho likitangulia, majimbo mengi ya Marekani yalitunga sheria za kumfunga mtu anayehubiri sabotaji ili kubadilisha mambo ya kazi. Mwaka 1918 mahakama ya Chicago iliwatia hatiani watu wa IWW wapatao mia moja kwa pamoja, na wengine, akiwemo kiongozi wao Bill Haywood, wakahukumiwa miaka 20.

Na je, tajiri akiharibu mali? Mtaalamu mmoja wa uchumi wa huko huko Marekani, Thorstein Veblen, aliandika mwaka 1921 kwamba wenye viwanda nao hufanya sabotaji kila siku wanapozuia uzalishaji ili bei isishuke. Wengi walimwona mchokozi. Lakini tazameni kahawa. Kati ya mwaka 1931 na 1944 serikali ya Brazil iliteketeza magunia ya kahawa yapatayo milioni 78, mengine kwa moto na mengine kwa kuyamwaga baharini, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Gunia moja ni kilo 60. Mchuma kahawa anayejua gunia moja linavyojaa kwa taabu apige hesabu mwenyewe. Hakuna mtu aliyefungwa kwa sabotaji katika jambo hilo, na tendo lenyewe liliitwa kulinda bei. Angelikuwa kibarua mmoja amechoma gunia moja, tungelijua jina lake la kazi.

Vita Kuu ya Pili ilibadilisha neno hili tena. Watu wa reli wa Ufaransa waliokuwa wakizizuia treni za Wajerumani waliitwa mashujaa, na sabotaji ikawa sifa. Ofisi ya ujasusi ya Marekani ilichapa mwaka 1944 kitabu cha kuwafundisha raia wa kawaida kumkwamisha adui. Ndani yake, mbali na kutia mchanga kwenye mashine, waliandika kwamba katika ofisi za adui mtu atoe hotuba ndefu, ang'ang'anie kila jambo lipelekwe kwenye kamati, na kamati iwe kubwa iwezekanavyo. Tukiangalia baadhi ya mikutano ya matawi yetu, tunashuku kwamba kitabu hicho kilifika huku.

Huko Afrika ya Kusini neno hili lilikuwa la damu. Mwaka 1962 serikali ya makaburu ilitunga sheria iliyoitwa kwa jina hilo hilo la sabotaji. Adhabu yake ya chini ilikuwa kifungo cha miaka 5 na ya juu ni kunyongwa, na maana ya kosa ilitandazwa hata ikagusa kuzuia umeme, maji, chakula, posta au mwendo wa magari, na pia kuingia mahali ulipokatazwa. Mwenye kujua mgomo ni nini ataona kwamba sheria hiyo iliupakana mgomo kwa pande zote. Nelson Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964 kwa hujuma. Mandela hakukana kwamba aliipanga. Alieleza mahakamani kwamba waliichagua ili kugusa mali bila kuua watu. Wafanyakazi wanapaswa kulijua pia jina la Vuyisile Mini, aliyekuwa mwandaaji wa vyama vya wafanyakazi katika mji wa Port Elizabeth, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Alishitakiwa kwa mashtaka 17 ya hujuma pamoja na kuhusika na kifo cha mtoa habari wa polisi, akanyongwa Pretoria pamoja na wenzake wawili tarehe 6 Novemba 1964.

Jirani zetu wa Tanzania walilipeleka neno upande mwingine. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha msako dhidi ya walanguzi na watu walioficha bidhaa wakati raia wakikosa sabuni na sukari. Watu hao wakaitwa wahujumu uchumi, na sheria ikatungwa mwaka huo, kisha nyingine mwaka 1984 ambayo mpaka leo hutumika mahakamani. Huko neno lilimwangukia mwenye ghala kabla ya kumwangukia mwenye jembe, jambo lisilotokea mara nyingi duniani.

Tumeeleza haya yote kwa sababu ya barua. Katika kiwanda kimoja cha chai, ambacho hatukitaji, mwenzetu mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa akilisha majani kwenye mkanda unaopeleka kwenye roli za kukatia. Usiku mmoja kipande cha chuma kilipita na majani, meno ya roli yakavunjika, na kazi ikasimama zamu nzima. Asubuhi aliitwa ofisini akapewa karatasi ya Kiingereza. Aliuliza neno lile refu maana yake nini. Karani akamjibu kwamba maana yake ni mashine imeharibika. Kwa kuwa mashine ilikuwa imeharibika kweli, mzee akatia dole gumba. Siku ile ile alifukuzwa bila ilani, na polisi wakaitwa kwa sababu karatasi ilisema kwamba amekiri sabotaji.

Tulipofika tuliuliza swali moja tu: juu ya mkanda ule kuna sumaku ya kunasa vyuma, ilikuwa wapi usiku huo? Ilionekana katika daftari la mafundi kwamba ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo wiki tatu kabla, na haikurudishwa. Mazungumzo yalichukua miezi minne. Neno lile lilifutwa, na malipo yake ya miaka 19 akalipwa. Kazini hakurudishwa.

Sasa shikeni tofauti. Mashine ikivunjika mkononi mwako ukiwa unafanya ulivyofundishwa, hiyo ni ajali. Ukiwa umelala au umeruka kanuni, huo ni uzembe, una adhabu yake, lakini bado si sabotaji. Mgomo baridi na mgomo kamili ni mambo ya mgogoro wa kazi, na yana taratibu zake katika sheria ambazo tulizieleza katika somo la mgomo. Sabotaji kwa maana inayotumika leo katika barua na mahakamani inahitaji kusudi: ulitaka kuharibu, na ukaharibu kwa sababu hiyo. Anayekushitaki ndiye anayetakiwa kulionyesha kusudi hilo. Lakini ukiwa umekwisha kutia saini kwamba ulikuwa nalo, umemfanyia kazi yake.

Wapo vijana wanaotuuliza kwa nini chama hakiwaruhusu kutia mchanga kwenye gia wakati meneja anapotudharau. Jibu letu si la woga. Boila ikichezewa hamuui meneja, maana yeye yuko ofisini. Humuua mlisha kuni wa zamu inayofuata. Na kiwanda kikisimama kwa mchanga, hakuna anayejua tunadai nini. Wale makuli wa Glasgow walipopunguza kazi, kila mtu bandarini alijua kwamba wanadai asilimia 10.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, mwajiri amweleze sababu katika lugha anayoweza kuielewa, amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine anayemchagua mwenyewe. Kwa hiyo ukiitwa ofisini usiende peke yako. Mchukue mwakilishi wa chama, na kama hayupo, jirani yako wa zamu. Omba barua isomwe kwa lugha yako mbele yake. Ukilazimishwa kutia saini kwamba umeipokea, andika kwa mkono wako, kwa lugha yoyote unayoijua: nimepokea, sikubali yaliyoandikwa. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake amwandikie maneno hayo kabla ya kutia dole. Halafu ukumbuke, siku hiyo hiyo kabla hayajasahaulika, kueleza kwa mwakilishi nani alikuwa zamu, mashine ilikuwa na ubovu gani, nani aliarifiwa na lini.

Makatibu wa matawi wenye barua za namna hii, za zamani au za sasa, watuletee nakala kupitia ofisi ya wilaya. Tunataka kuona neno hilo limeandikwa mara ngapi, na katika barua ngapi kati ya hizo kusudi limeelezwa.